Je, Wajua? Rubani Anayetua Songwe Asubuhi Analala Wapi?

Dereva wa basi akitoka Dar alfajiri akaingia Mbeya jioni, kila mtu anajua kitakachofuata. Anaoga, anakula, analala gesti, kesho anageuza. Rubani hafanyi hivyo. Ndege inatua Songwe, uwanja wa ndege wa Mbeya, abiria wanashuka, wengine wanapanda na maboksi yao ya parachichi na mchele wa Kyela, na baada ya dakika arobaini hivi ndege iko tena mwanzoni mwa njia ya kurukia, inaelekea Dar. Aliyeileta ndiye anayeirudisha, na mara nyingi hajatoka hata nje ya geti la uwanja.

Sasa huyu mtu wiki yake ikoje? Anafanya kazi siku ngapi? Na usiku analala wapi?

La kulala ni rahisi: mara nyingi analala kwake, Dar es Salaam. Ndege za ndani za Air Tanzania nyingi huanzia na kuishia huko, kwa hiyo rubani wake huishi karibu na huko, hata kama alizaliwa Tukuyu na mama yake bado yuko Tukuyu. Ndiyo maana mama wa rubani anaweza kulalamika kwa haki kabisa: "Mwanangu, unakuja Mbeya kila wiki, nyumbani hupiti?" Dakika arobaini hazimtoshi kufika hata Mbalizi akarudi, sembuse Tukuyu.

La siku za kazi ni gumu kidogo, kwa sababu wiki ya rubani haihesabiwi kwa siku. Inahesabiwa kwa saa, na saa zenyewe ziko za aina mbili. Kuna saa za kuruka, zinazoanza ndege inapoanza kusogea kwenda kuruka na kuisha inapoegeshwa. Kuna saa za kazi, zinazoanza rubani anaporipoti na kuisha baada ya kufunga kila kitu. Za kwanza ndizo watu huzisikia, kisha wanaguna. Kanuni za Marekani na za Ulaya haziruhusu rubani kuruka zaidi ya saa 100 ndani ya siku 28, na ndani ya miezi 12 mwisho ni saa 1,000. Gawanya 1,000 kwa wiki 52, unapata kama saa 19 kwa wiki. Hapo ndipo mtu wa ofisini anapouliza kama hiyo nayo ni kazi.

Tuseme ratiba ya leo ni Dar–Mbeya–Dar, kisha Dar–Mwanza–Dar, na ndege ya kwanza inaondoka saa 12 kamili asubuhi. Rubani anaripoti lisaa limoja kabla, yaani saa 11 alfajiri, kwa hiyo ameamka saa 9 au saa 10 usiku. Kabla abiria wa kwanza hajaita bodaboda, marubani wawili, kapteni na rubani msaidizi, wameshasoma hali ya hewa ya Songwe na ya uwanja wa akiba, wamesoma matangazo ya siku hiyo kuhusu viwanja na njia, na wamekubaliana mafuta. Mafuta hayapimwi ya kufika tu. Ni ya kufika, ya kwenda uwanja wa akiba ikishindikana kutua, na juu ya hayo yabaki ya kuzunguka dakika 30 ambayo hayaguswi ila kwa dharura. Kisha mmoja wao anavaa kizibao cha kung'aa, anachukua tochi, anaizunguka ndege kwa miguu: matairi, breki, panga za injini, vitobo vya kupimia kasi ya hewa ambavyo mdudu mmoja akijenga ndani vinaweza kuleta kizaazaa. Atalirudia zoezi hilo Songwe, na Mwanza, na kila atakapotua.

Saa 1 na dakika 20 hivi wako Songwe. Saa 2 wanaondoka. Saa 3 na dakika 20 wako Dar, saa 4 na robo wanaelekea Mwanza, na saa 8 mchana magurudumu yanasimama Dar kwa mara ya mwisho. Wakimaliza makaratasi ni saa 8 na nusu. Hesabu yao ya kuruka ni kama saa 5 na dakika 40. Hesabu ya kazi ni saa 9 na nusu, bila kuhesabu usingizi uliokatwa usiku.

(Na makaratasi yenyewe hayaandikwi kwa saa za Mbeya. Urubani wa dunia nzima hutumia majira ya pamoja, UTC, ambayo yako nyuma yetu kwa saa 3. Saa 12 asubuhi yetu ni 03:00 kwenye karatasi za rubani. Mtanzania aliyezoea kuhesabu asubuhi kuanzia saa moja ana hesabu ya ziada kichwani ambayo wenzake wa Ulaya hawana.)

Siku kama hiyo zinaweza kufuatana nne au tano, kisha anapewa mapumziko. Wikiendi haina maana kwake. Anaweza kupumzika Jumanne na Jumatano, halafu Krismasi au Nane Nane, watu wakiwa wamejaa viwanja vya John Mwakangale, yeye akawa angani. Ratiba hutoka kwa mwezi mzima, na ndani yake kuna siku za akiba: rubani yuko nyumbani, haruki, lakini simu iko wazi na sare imepigwa pasi. Akiitwa, anakwenda. Siku hiyo hawezi kusafiri kwenda msibani Iringa, hata kama mwisho wa siku hakuitwa.

Wanaoruka mbali wana wiki ya namna nyingine. Air Tanzania hupeleka Dreamliner, ndege yake kubwa ya safari ndefu, hadi Mumbai (India) na Guangzhou (China). Rubani wa ruti hizo hutua mara chache sana kwa wiki, hulala hotelini ugenini, na Guangzhou iko mbele yetu kwa saa 5, kwa hiyo mwili unataka kulala wakati mji unaamka. Safari ikiwa ndefu kupita kiwango cha watu wawili, huongezwa rubani wa tatu au wa nne ili wapokezane kulala.

Lakini turudi Songwe, maana kuna kitu pale kinachoonyesha saa za rubani zinavyofanya kazi kuliko jedwali lolote. Kitu hicho ni ukungu.

Uwanja ulifunguliwa Desemba 2012 kuchukua nafasi ya ule wa zamani wa mjini. Uko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na njia yake ya kurukia ni ndefu, zaidi ya kilomita 3. Kwa miaka mingi haikuwa na taa, kwa hiyo ndege zilikuja mchana tu. Ukungu na mawingu ya chini vikifunika bonde asubuhi, rubani anashuka hadi kimo kilichowekwa. Akifika hapo hajaiona njia, hana ruhusa ya kuitafuta zaidi, anapandisha ndege. Anaweza kuzunguka angani nusu saa akisubiri, kisha mafuta yanamwambia aondoke. Abiria wanarudi Dar wakilalamika kwamba wametembezwa bure.

Sasa piga hesabu ya wale marubani wetu. Wamerudi Dar saa 3 na dakika 10 bila kutua Mbeya. Wakiongeza mafuta na kujaribu tena saa 4 na nusu, watarudi Dar karibu saa 8 mchana. Mwanza bado inawangoja. Wakienda, watamaliza karibu saa 1 usiku, muda wa kazi wa karibu saa 14. Tukipima kwa kanuni za Marekani kama mfano, aliyeripoti saa 11 alfajiri hazidishi muda wa kazi wa saa 12. Kwa hiyo Mwanza inabidi aitwe yule wa akiba, mwenye sare iliyopigwa pasi.

Ukali huu una historia. Februari 2009 ndege ya panga boi aina ya Q400, aina ambayo Songwe wanaijua vizuri, ilianguka karibu na Buffalo, Marekani, na watu 50 wakafa. Ndege haikuwa mbovu. Kapteni alichukua hatua isiyo sahihi ilipopungua kasi. Wachunguzi walikuta kwamba rubani msaidizi alikuwa amesafiri usiku kucha kutoka Seattle kuja kazini, na kapteni alilala kwenye chumba cha kupumzikia wafanyakazi uwanjani. Kanuni mpya za Marekani zilianza kutumika Januari 2014: mapumziko ya saa 10 kabla ya kazi, yenye nafasi ya kulala saa 8 bila kukatizwa, na angalau saa 30 mfululizo bila kazi ndani ya kila siku 7. Anayeanza kazi kati ya saa 6 usiku na saa 10 alfajiri hupewa muda wa saa 9 tu, wakati wa saa 4 asubuhi anaweza kufika 14. Hesabu inafuata usingizi wa mwili.

Hapa kwetu anayesimamia hayo ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA. Na kuna siku zisizoonekana kabisa kwa abiria: kupimwa afya kila mwaka, au kila miezi 6 kwa aliyefikisha miaka 60, na mitihani miwili kwa mwaka, mara nyingi ndani ya mashine ya kuigiza ndege, ambako injini huzimwa makusudi wakati wa kuruka.

Kwa hiyo ukiambiwa Songwe kwamba marubani wamemaliza saa zao, hawadeki. Uwanja kama ule kwa kawaida hauna marubani wa akiba wanaokaa mjini. Lazima waletwe kwa ndege nyingine kutoka Dar, au hawa walale Mbeya na nyinyi mlale. Kanuni nyingi humruhusu kapteni kuongeza hadi saa 2 kama jambo halikutarajiwa, ila baada ya kupima hali yake na ya wenzake. Akisema amechoka, ndege haiondoki.