Kukomaza tangi la samaki: nini hasa kinachokomaa

Kukomaza tangi ni kulea bakteria wa kutosha ndani ya tangi jipya kabla ya kuweka samaki, ili uchafu wao usigeuke sumu inayobaki majini. Kinachokomaa si maji. Maji unaweza kuyaacha kwenye kioo mwezi mzima, yakatulia na kung'aa, kisha samaki wa kwanza wakafa ndani ya wiki. Kama hapakuwa na chakula cha bakteria, hapakuwa na bakteria.

Samaki hutoa amonia kupitia matamvua mchana na usiku, na chakula kinachooza chini huiongeza. Kundi la kwanza la bakteria huila amonia na kutoa nitriti. Hiyo nayo ni sumu: huingia kwenye damu ya samaki na kuizuia kubeba oksijeni, hata matamvua yakawa ya kahawia na samaki wakahema juu juu ingawa pampu ya hewa inafanya kazi. Kundi la pili, hasa Nitrospira, huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia na wewe unaipunguza kwa kubadili maji. Makundi yote mawili hujishikiza kwenye sponji ya chujio, changarawe na kioo. Ni wachache mno wanaoelea. Tena huzaliana polepole. Bakteria wa uozo wanaweza kuongezeka maradufu ndani ya saa moja, lakini hawa huhitaji nusu siku au zaidi, na ndiyo sababu kazi nzima huchukua wiki tatu hadi sita. Joto la pwani yetu, maji yakiwa nyuzi 26 hadi 30, linawafaa sana, kwa hiyo hita si lazima Mtwara wala Lindi. Baridi ya Juni hadi Agosti inaweza kuchelewesha kidogo tu.

Kabla ya yote, jua maji yako. Ya bomba yanaweza kuwa na klorini, ambayo huua bakteria unaowalea na kuunguza matamvua. Yaache kwenye ndoo wazi kwa saa 24 hadi 48, au tumia dawa ya kuondoa klorini. Ya kisima hayana klorini, lakini yaonje: kisima kilicho karibu na bahari kinaweza kuwa na chumvi.

Jambo linalosumbua zaidi huku kwetu ni matumbawe. Watu huokota mawe meupe na makombe ufukweni, au huchota mchanga wa baharini, kwa kuwa ni mazuri na ni ya bure. Vitu hivyo ni chokaa, na taratibu huyeyuka na kupandisha pH, yaani kipimo cha asidi ya maji: 7 ni katikati, na ikipanda asidi imepungua. Hapo amonia hubadilika tabia. Kwenye maji ya nyuzi 28 yenye pH 7, sehemu ya amonia iliyo katika hali ya sumu kali haifiki asilimia 1. Kwenye pH 8 inafika kama asilimia 6. Kipimo kinasoma kiasi kilekile, lakini sumu imezidi mara tisa hivi. Kupima jiwe, lidondoshee siki: likitoa mapovu, lina chokaa. Mchanga wa mtoni uliooshwa mpaka maji yatoke safi hauna shida hiyo. Ukitaka kubaki na matumbawe, chagua samaki wanaopenda maji magumu (yenye chokaa nyingi), kama moli na gapi.

Maji ya mvua yana shida ya kinyume. Hayana chokaa kabisa, na kila miligramu 1 ya naitrojeni ya amonia ambayo bakteria wanaisaga hula kama miligramu 7 za chokaa ya majini. Chokaa ikiisha, pH huporomoka. Ikishuka chini ya 6 bakteria karibu wanasimama, na amonia inajikusanya bila kuua kwa sababu pH ni ndogo. Siku moja unamwaga nusu ya maji na kujaza ya kisima yenye pH 8, sehemu ya ile amonia inageuka sumu kali ndani ya dakika chache, na samaki wanakufa ukidhani maji mapya yalikuwa mabaya. Dawa ni kiganja kimoja cha vipande vya matumbawe ndani ya chujio. Ndiyo, yaleyale tuliyoyakataza hapo juu. Hapa ndipo mahali pake.

Sasa kazi yenyewe. Tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 36, likiwa na mchanga wa sentimita 5 na nafasi juu, hubakiza maji lita 50 hivi. Pamoja na mchanga na kioo ni kilo 75 au zaidi, kwa hiyo meza ya plastiki haifai. Washa chujio la sponji linaloendeshwa na pampu ya hewa, na lisizimwe usiku. Kisha weka chanzo cha amonia: kipande cha kamba mbichi chenye kama gramu 5, ndani ya soksi nyembamba ili ukitoe bila kuchafua tangi. Kitanuka. Kitoe amonia ikifika miligramu 2 au 3 kwa lita. Ukipitisha 5, bakteria huchelewa badala ya kuwahi.

Vipimo vya matone ndivyo tunavyovipendekeza. Vya karatasi hubahatisha. Utaona amonia ikipanda, kisha ikishuka nitriti inapoanza kupanda. Kipindi cha nitriti ndicho kirefu na ndicho kinachowachosha watu. Amonia ikiisha, ongeza chakula kidogo cha samaki ili bakteria wasife njaa. Maji yakigeuka meupe kama tui jepesi katika wiki ya kwanza, usiyamwage: ni bakteria wa uozo, watapungua wenyewe. Tangi limekomaa pale unapoweka amonia ya miligramu 2 kwa lita na baada ya saa 24 amonia na nitriti zote zinasoma sifuri. Hapo badili nusu ya maji ili kupunguza nitrati, kisha weka gapi wanne au watano, na wengine baada ya wiki mbili. Bakteria huwa wengi kadiri ya uchafu uliopo. Ukijaza samaki ishirini siku moja, watazidiwa.

Njia ya mkato iliyo halali ni moja: sponji yenye uchafu kutoka tangi la mtu ambalo samaki wake ni wazima, ibebwe ikiwa na maji yake na kuwekwa ndani siku hiyohiyo. Inaweza kukupunguzia wiki kadhaa.

Ikiwa samaki wameshaingia kabla tangi halijakomaa, badili robo ya maji kila siku, lisha mara moja kwa siku mbili, na chumvi ya kupikia gramu 1 kwa lita husaidia kuzuia nitriti isipenye matamvua. Kambale hawaipendi sana chumvi. Wao wabadilishie maji tu.

Sponji isioshwe bombani. Ikamulie kwenye ndoo yenye maji uliyoyatoa tangini, na usiibadilishe mpaka inachanika.

Umeme ukikatika, samaki na bakteria wote wanagombania oksijeni, na maji ya joto hubeba kidogo. Pampu ndogo ya betri inatosha kwa lita 50. Chujio la kopo lililofungwa likikaa bila umeme kwa saa kadhaa, lifungue, mwaga maji yaliyomo na suuza sponji kwa maji ya tangi kabla ya kuliwasha, maana yale yaliyooza ndani yatarudi moja kwa moja kwa samaki.