Vidonge vya "lol" na maneno ya barazani

Kaa baraza yoyote Ngamiani, hapa Tanga, saa ya kahawa, hukosi mtu mwenye daftari la kliniki mkononi na mwenzake wa kumwambia aachane na hizo dawa. Zinazosemwa vibaya zaidi ni zile ambazo majina yao kwenye boksi yanaishia na "lol": atenolol, bisoprolol, metoprolol, carvedilol, propranolol. Ni dawa za moyo na presha; madaktari huziita beta-bloka. Kuziogopa si ujinga, zina hatari zake. Tatizo ni kwamba hofu yetu imekaa pasipo pake.

"Zinapunguza mapigo, mwisho moyo utasimama."

Kupunguza mapigo ndiyo kazi yake. Ukishtuka au ukikasirika, mwili humwaga adrenalini, nayo hukaa kwenye vipokezi vya moyo na kuukimbiza. Beta-bloka huviwahi vipokezi hivyo kama abiria aliyewahi kiti cha daladala. Adrenalini ikifika inakuta pamejaa. Moyo unaopiga mara 80 kwa dakika ukishushwa hadi 60, unapumzishwa mapigo 28,800 kwa siku. Kwa mtu ambaye mishipa ya moyo imeziba kiasi, hiyo ndiyo tofauti ya kupanda ngazi kifua kikibana na kupanda kwa amani. La kuangalia ni mapigo yakishuka chini ya 50 pamoja na kizunguzungu au kuzimia. Hapo unarudi hospitali. Na wapo wenye hitilafu ya umeme wa moyo ambao hawapewi dawa hizi mpaka wawekewe betri ya moyo.

"Moyo wenyewe umechoka, wanaupunguza kasi tena?"

Swali hili halina aibu, maana zamani madaktari wenyewe waliwakataza wagonjwa wa moyo kushindwa kufanya kazi wasizitumie. Mwaka 1999 yakachapishwa majaribio mawili makubwa, la bisoprolol na la metoprolol, na kwa wagonjwa wenye moyo dhaifu vifo vilipungua kwa takriban theluthi moja. Ila huanzwa kidogo sana, mathalani bisoprolol miligramu 1.25, na kupandishwa taratibu. Wiki za mwanzo mtu huweza kujiona mchovu kuliko alivyokuwa, na wengi hutupa dawa hapohapo. Uchovu huo mara nyingi hupita. Miguu ikianza kuvimba, au uzito ukipanda kilo mbili ndani ya siku tatu, usingojee tarehe ya kliniki.

"Nimepata nafuu, naacha."

Hili ndilo linalonitisha kuliko yote. Vile viti, yaani vipokezi vya moyo, vikikaliwa na dawa muda mrefu, moyo huongeza vingine. Siku unapokatisha dawa ghafla, adrenalini inakuta nafasi tele: moyo unakwenda mbio, presha inaruka, na mwenye mishipa iliyoziba anaweza kupata shambulio la moyo ndani ya siku chache. Tena wengi hawaachi kwa kukusudia. Vidonge vimeisha Ijumaa, mtu anasema atapitia duka la dawa Jumatatu. Au Ramadhani imeingia, bibi anaamua kufunga na dawa pia. Wengi wanaoruhusiwa kufunga hupangiwa upya saa tu: cha mara moja kwa siku wakati wa futari au daku; carvedilol ya mara mbili huenda vizuri na vyote viwili, kwani inafaa kumezwa na chakula. Muulize daktari Shaabani haijaisha.

Nguvu za kiume? Huweza kupungua, lakini maneno nayo yanachangia. Watafiti wa Italia mwaka 2003 waliwapa wanaume atenolol. Kati ya wasioambiwa wamepewa dawa gani, kama 3 kwa mia walilalamika; kati ya walioambiwa jina la dawa na madhara yake, 31 kwa mia. Presha na kisukari navyo huleta shida hiyohiyo, lakini havilaumiwi barazani.

"Dawa ya presha ni ya presha tu, tugawane."

Hapana. Propranolol kwa mwenye pumu inaweza kubana njia ya hewa hadi kuua. Kwa anayechoma insulini, dawa hizi huficha mapigo ya kasi na mtetemeko unaomjulisha kuwa sukari imeshuka. Jasho hubaki, basi jasho ndilo la kutazama. Na kwa presha peke yake, bila ugonjwa wa moyo, siku hizi si chaguo la kwanza.

Kwa waendesha baiskeli, na Tanga ni mji wa baiskeli: ukiwa kwenye dawa, mapigo hayatapanda kama zamani hata ukitoka jasho mpaka Raskazone. Usiyakimbilie. Pima kwa mazungumzo: ukiweza kuongea ila huwezi kuimba, kasi hiyo inatosha.

"Ukianza, ni ya maisha."

Kwa mwenye moyo dhaifu, kwa kawaida ndiyo. Kwa waliopata shambulio la moyo lakini moyo ukabaki na nguvu yake, utafiti uliochapishwa 2024, mwingi wake ukifanyika Sweden, haukuona faida ya kuwaanzishia dawa hizi. Kama nawe uko kundi hilo, nenda kliniki na majibu ya kipimo cha eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) uulize kama bado unazihitaji. Jibu likiwa hapana, dozi hushushwa kidogo kidogo kwa wiki kadhaa.