Kurekebisha Kiswahili cha eSpeak NG: anza na kamusi, sauti baadaye

Anayetumia NVDA (programu ya kusoma skrini kwa sauti) akisema sauti ya Kiswahili ya eSpeak NG, injini yake ya kugeuza maandishi kuwa usemi, ni mbovu, mimi humuuliza kwanza: sauti yenyewe au matamshi? Mara nyingi ni matamshi, na hayo hayakai kwenye faili ya sauti.

Pakua chanzo cha eSpeak NG cha toleo lilelile linalotumiwa na NVDA yako. Ndani ya folda ya dictsource mna sw_rules (kanuni) na sw_list (maneno ya pekee). Hizo ziache. Tengeneza faili mpya, sw_extra, uihifadhi kwa usimbaji wa herufi wa UTF-8. Notepad hupenda kuongeza .txt kimyakimya, lakini usijali: faili ikiitwa sw_extra.txt nayo husomwa.

Kanuni ya Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo Kariakoo na Mbagala hutoka safi. Ukisikia "lazima" ikikazwa kwenye "zi", andika kwenye dirisha la amri (Command Prompt):

espeak-ng -v sw -x -q "lazima"

Utaona alama za sauti, na kidoa cha mkazo (') kikiwa mbele ya irabu. Zinakili, sogeza kidoa mbele ya "a" ya kwanza, kisha ziweke kwenye sw_extra baada ya neno, kwa herufi ndogo. Usibuni alama kwa kukisia. "Barabara" nakushauri usiiguse: ya kupita magari na ya "sawasawa" hutofautiana kwa mkazo tu, na kamusi haiwezi kujua umekusudia ipi.

Mistari mingine yenye manufaa ya kuweka kwenye sw_extra:

tsh shilingi $text
tzs $abbrev
online _^_en

Wa kwanza hubadili neno, wa pili hutaja herufi mojamoja, wa tatu hulisoma neno kwa kanuni za Kiingereza. Ile "/=" ya bei za dukani iondoe kwenye kamusi ya matamshi ya NVDA yenyewe: weka /= kama mchoro wa kutafutwa, acha nafasi ya mbadala wazi, chagua popote.

Ukiwa ndani ya dictsource, endesha espeak-ng --compile=sw, ambayo hukusanya faili hizo kuwa kamusi moja, sw_dict. Ukiwa folda nyingine itashindwa kuiona sw_rules. Bila ruhusa ya msimamizi huenda ikashindwa kuandika. Nakili sw_dict kwenda synthDrivers\espeak-ng-data ya NVDA, uiwashe upya.

Sasa sauti. Ndani ya espeak-ng-data hiyohiyo, kwenye voices\!v, tengeneza faili isiyo na kiendelezi (kama .txt), iite upanga:

language variant
name upanga
pitch 78 102
roughness 0
flutter 1
consonants 80 80

Kawaida ya pitch (kimo cha sauti) ni 82 118. Namba mbili zikikaribiana, sauti hutulia; zikikaribiana mno, swali na taarifa husikika sawa. Consonants hupunguza ukali wa "s" na "sh", ambao kwenye eafoni za bei rahisi huchoma masikio. Badilisha mstari mmoja, sikiliza aya nzima, ndipo uguse mwingine.

NVDA ikisasishwa, folda ya espeak-ng-data huandikwa upya, kwa hiyo tunza nakala ya sw_extra na upanga pembeni. Kamusi uikusanye tena kwa toleo jipya. Usirudishe sw_dict ya zamani.