Pauni sitini za majivuno: dhana potofu za wanaorejea kwenye upinde wa rikavu

Kila unapokaribia mwezi wa Julai, msimu wa uwindaji unapofunguliwa, hapa Lindi hunijia watu wenye nia moja: waliwahi kuutumia upinde ujanani, wakahamia kwenye bunduki au upinde wa kapi, ule wenye magurudumu kwenye ncha zake, na sasa wanataka kurejea kwenye rikavu, yaani upinde usio na magurudumu ambao ncha zake zimekunjika kuelekea mbele. Nia hiyo naiheshimu. Kinachonichosha ni kwamba karibu wote hufungua mazungumzo kwa kauli ileile: “Mwalimu, mimi nilikuwa navuta pauni 70, kwa hiyo nitafutie rikavu ya 60, hiyo itakuwa nyepesi kwangu.”

Haitakuwa nyepesi. Pauni hizo ni kipimo cha nguvu ya kuuvuta upote. Upinde wa kapi, ambao Mmarekani Holless Wilbur Allen aliupatia hataza mwaka 1969, hubeba sehemu kubwa ya mzigo wenyewe mara upote unapofika mwisho wa mvuto, hivyo upinde wa pauni 70 wenye punguzo la asilimia 80 humwachia mpigaji pauni 14 tu za kushikilia wakati analenga. Rikavu haina huruma hiyo. Uzito ulioandikwa kwenye bawa lake, yaani sehemu inayopinda, kwa kawaida hupimwa kwa mvuto wa inchi 28, na kila inchi inayozidi hapo huongeza pauni mbili hadi tatu. Mtu mwenye mikono mirefu anayevuta inchi 30 kwa upinde ulioandikwa 60 anashikilia takribani pauni 65, zote, kwa vidole vitatu, katika nukta ileile ambayo mwili wake unapaswa kutulia.

Mwaka jana alinijia mtu mzima mwenye mashamba ya korosho upande wa Nachingwea, akiwa na rikavu yake mpya ya pauni 58. Nilimsimamisha hatua kumi mbele ya gunia la korosho nililolijaza makumbi ya nazi, nikamwomba apige mishale mitatu. Mkono wa kushoto ulianza kutetemeka kabla upote haujafika kidevuni, bega likapanda hadi karibu na sikio, na vidole vikaachia huku vikiwa bado inchi tatu mbele ya pembe ya mdomo, mahali ambapo vinapaswa kutua kila mara bila kukosea. Mshale wa kwanza uliparuza juu ya gunia, wa pili ulikata kamba iliyolifunga, na wa tatu tuliutafuta nusu saa chini ya mikorosho. “Ni mishale hii, mwalimu,” akaniambia. Haikuwa mishale. Kwa kukatisha mvuto inchi tatu alikuwa amepoteza pauni saba au nane, maana yake alikuwa akipata nguvu ya upinde wa pauni 50 huku akilipa kwa maumivu ya bega na shabaha ya kubahatisha.

Nilimpa upinde wangu wa mazoezi wa pauni 35, naye akautazama kama mtu aliyekaribishwa chai ya rangi penye karamu ya pilau. Nilimtaka apige kwa hatua tano tu, gunia likiwa halina alama yoyote ya kulenga, mishale 40 kwa siku na si zaidi, akiwaza mgongo unaovuta na vidole vinavyotua mdomoni, bila kujali mshale unakwenda wapi. Wanafunzi huliona zoezi hili kuwa la kitoto, nami sijapata kuona lingine linalolishinda. Baada ya wiki tatu manyoya ya mishale yake yalianza kugusana, na ilimchukua miezi minane kupanda hatua kwa hatua hadi pauni 47, ambako yuko hadi leo wala hajaniomba zaidi.

Mzizi wa ukaidi huu, kwa maoni yangu, ni kudhani kwamba mshale huua kama risasi. Risasi ya bunduki ya .375, ile ya kuwindia wanyama wakubwa, hutoka na nishati ya joule elfu tano na zaidi, ilhali mshale wa gramu 30 unaokwenda mita 55 kwa sekunde, kasi ya kawaida kwa rikavu ya kuwindia, hubeba takribani joule 45. Hakuna ongezeko la pauni kumi litakaloziba pengo hilo. Mshale huua kwa kukata: kigumba kikali kinachopita katikati ya mapafu mawili humwangusha pongo au swala pala ndani ya muda mfupi, na kigumba butu kilichorushwa kwa upinde mzito humpeleka mnyama huyohuyo kwenda kufa kichakani siku ya pili, pasipo faida kwa yeyote. Kabla ya kuniuliza habari za pauni, nionyeshe kwanza kama kigumba chako kinanyoa vinyweleo vya mkono wako.

Hapo ndipo baadhi yao hunitajia mababu, wakisema kwamba wazee wa kusini waliangusha nyati kwa pinde nzito ambazo vijana wa leo hawawezi hata kuzipinda. Wanasahau sumu. Mbegu za mkombe, mmea ambao wataalamu huuita Strophanthus kombe, zina kemikali inayousimamisha moyo, na daktari Mskoti John Kirk aliishuhudia sumu hiyo ya mishale katika safari ya Livingstone ya Zambezi iliyoanza mwaka 1858. Mshale wenye sumu ulihitaji kuchanja na kubaki mwilini tu, wala haukuhitaji upinde wa kutisha. Sumu leo ni marufuku katika uwindaji, na ustadi tunaopaswa kuurithi kwa wazee hao ni ule wa kunyatia hadi hatua kumi na tano bila kukanyaga kijiti.

Hili la umbali lina dhana yake. Anayepata shabaha kwenye gunia kwa mita 20 hudhani kwamba kwa mita 40 anahitaji kuinua mkono kidogo tu. Kwa kasi niliyoitaja, mshale huchukua zaidi ya sehemu saba za kumi za sekunde kufika mita 40, wakati mlio wa upote humfikia mnyama kwa kama sehemu moja tu ya hizo, naye hubaki na nafasi ya kutosha ya kujikunja na kugeuka. Gunia halina masikio.

Mishale ya upinde wa kapi haifai kuhamishiwa kwenye rikavu bila kupimwa, kwa sababu mshale wa rikavu hulazimika kupinda kidogo ili kulizunguka shikio, yaani sehemu ya kati ya upinde inayoshikwa mkononi, na ulio mkakamavu kupita kiasi humwendea kushoto mpigaji wa mkono wa kulia hata akilenga sawasawa.

Wapo pia wanaoamini kwamba upinde hauhitaji leseni kwa kuwa si bunduki. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Namba 5 ya mwaka 2009 inakataza kuwinda bila leseni, na mshale haumpi mtu msamaha. Kadhalika eneo la Selous lililofanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019 si la kuwindia tena kwa chombo chochote. Nenda kwanza ofisi ya wanyamapori, uulize kwa maandishi unachoruhusiwa, kisha uje kwangu.

Mwisho, rikavu ya kisasa si gongo la mgambo. Mabawa yake ni tabaka za mbao na nyuzi za kioo zilizounganishwa kwa gundi, na gundi hiyo huachia kwa joto. Msimu uliopita nililetewa upinde mzuri uliolazwa mchana mzima nyuma ya kioo cha gari juani, ukiwa umefungwa upote wake. Bawa la chini lilikuwa limefunguka kama ganda la muwa, na nilichoweza kumfanyia mwenyewe ni kuuvua upote, ambao bado ulikuwa mzima, na kumrudishia.