Je, wajua? Kwa nini jirani wa banda la nguruwe North Carolina ana mwaka mmoja tu wa kushtaki

Majimbo yote 50 ya Marekani yana sheria zinazojulikana kama za haki ya kulima. Muulize mtu zinafanya kazi gani, hata Mmarekani mwenyewe, naye atakupa hadithi ileile: mkulima mdogo yuko shambani tangu enzi za babu yake, mji unatanuka, watu wenye fedha wanajenga jirani, asubuhi moja wananusa samadi na kukimbilia kwa wakili. Sheria inamkinga mkulima asifukuzwe na waliomkuta.

Hadithi hiyo si uongo. Ndiyo iliyowashawishi wabunge, na North Carolina ikapitisha sheria yake mwaka 1979. Ila kesi kubwa kuliko zote zilizowahi kuijaribu sheria hiyo jimboni humo zilikuwa kinyume chake kabisa. Walioshtaki ndio wenyeji, wengi wao familia za Wamarekani weusi zilizorithi ardhi kwa vizazi. Mgeni alikuwa nguruwe.

Kuona jinsi ngao ilivyogeuzwa, chukua mashine ya kusaga nafaka. Umenunua kiwanja kando ya mashine iliyokuwepo miaka kumi, umejenga, kisha unakwenda kwa mwenyekiti wa mtaa kulalamikia kelele. Atakucheka. Mlio uliusikia kabla hujalipa, na huenda ndio uliokupunguzia bei. Sheria ya 1979 ilisema jambo karibu na hilo: shamba likishafanya kazi zaidi ya mwaka mmoja, haliwezi kuhesabiwa kuwa kero eti kwa sababu mazingira yanayolizunguka yamebadilika.

Sasa pindua mambo. Aliyetangulia ni wewe. Mashine imekuja baadaye, moja, inasaga mchana tu, ukasema tuvumiliane. Mwaka ukapita. Mwenyewe akaongeza ya pili, akaongeza ya ishirini, na sasa zinanguruma usiku kucha. Mwaka wako wa kulalamika ulianza kuhesabiwa lini: siku ya mashine ya kwanza, au ya ishirini?

Hapa ndipo penye uhondo wa kisheria. Mwaka 1994 mahakama ya rufaa ya jimbo ilikataa kumkinga mfugaji aliyetaka kuacha bata mzinga na kuingia kwenye nguruwe. Ilisema hilo ni badiliko la msingi, halifunikwi na ngao ya zamani. Mwaka 2013 bunge likajibu kwa kuorodhesha mambo yasiyohesabika kuwa badiliko la msingi. Kubadili zao lenyewe limo. Kubadili mmiliki limo. Kubadili ukubwa nalo limo. Kwa hiyo jibu ni mashine ya kwanza.

Ukubwa haukuwa jambo la kinadharia. Katikati ya miaka ya 1980 jimbo lilikuwa na nguruwe chini ya milioni 3. Mwishoni mwa miaka ya 1990 walizidi milioni 9, huku idadi ya mashamba ikiporomoka. Kampuni iliyoongoza mageuzi hayo, ambayo wakati fulani ilikuwa mfugaji mkubwa kuliko wote nchini, iliitwa Murphy Family Farms, yaani mashamba ya familia ya Murphy. Mwanzilishi wake, Wendell Murphy, alikuwa pia mbunge wa jimbo.

Mkataba wa ufugaji wenyewe ni wa ajabu. Nguruwe ni mali ya kampuni, na chakula chao pia. Banda na mkopo wa banda ni vya mkulima, na kinyesi ni chake. Kinyesi hicho kinapenya kwenye sakafu yenye matundu na kutiririka hadi kwenye bwawa la wazi, ambalo mara nyingi huwa la rangi ya waridi kutokana na bakteria wanaoishi humo. Bwawa likijaa, maji yake hurushwa kwa bomba kubwa juu ya shamba la nyasi ili zifyonze naitrojeni. Upepo ukigeuka, nyumba ya jirani inapata sehemu yake. Mtaalamu wa walalamikaji alieleza mahakamani kwamba vinasaba vya bakteria wa utumbo wa nguruwe vilipatikana kwenye kuta za nje za nyumba. Kuhusu magonjwa, ushahidi unahitaji tahadhari: tafiti zimeona harufu ikiambatana na msongo na shinikizo la damu kupanda, lakini kuambatana si kusababisha.

Walalamikaji wapatao 500 waliishtaki Murphy-Brown, tawi la Smithfield, kampuni kubwa ya nyama ya nguruwe iliyoinunua Murphy Family Farms. Aprili 2018, jopo la wananchi liliwapa majirani kumi wa shamba moja la kaunti ya Bladen zaidi ya dola milioni 50. Kikomo cha fidia ya adhabu kilichokuwemo katika sheria kikazishusha hadi milioni 3.25. Juni mwaka huohuo, kesi nyingine zikiendelea, bunge lilipitisha sheria mpya, likaipindua kura ya turufu ya Gavana Roy Cooper: mlalamikaji awe ndani ya nusu maili, yaani mita 800 hivi, na ashtaki ndani ya mwaka mmoja tangu shamba lianze au lipate badiliko la msingi. Hoja ya nani alitangulia haimsaidii tena. Novemba 2020 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliunga mkono hatia ya kampuni, pande zikapatana. Lakini Desemba 2021 mahakama ya rufaa ya jimbo iliiacha sheria hiyo mpya isimame.

Je, mkulima mdogo hakufaidika kabisa? Huenda amefaidika. Kesi ambayo jirani hakuthubutu kuifungua haiachi jalada, hivyo faida hiyo ni vigumu kuipima.

Kuna jambo moja zaidi, na tarehe zake ndizo zenye uzito. Mwaka 1997 North Carolina ilisimamisha mashamba mapya ya nguruwe yenye mabwawa ya aina hiyo, na mwaka 2007 ikalifanya katazo kuwa la kudumu. Yaliyokuwepo yakaruhusiwa kuendelea. Kwa hiyo karibu kila bwawa la waridi unaloliona huko leo lilichimbwa kabla ya katazo, na mwaka wa kulishtaki uliisha kabla baadhi ya majirani wake hawajazaliwa.