Maji ya mvua kwenye mteremko wa Bukavu: yanayosemwa na yaliyo kweli

Kuanzia Septemba hadi Mei, udongo mwekundu wa Bukavu haupati nafasi ya kukauka vizuri. Ni mfinyanzi uliotokana na mawe ya volkano: ukilowa unakuwa mzito na kuteleza, ukikauka unapasuka. Parseli (kiwanja) ya mteremko, iwe Kadutu, Bagira au Ibanda, huokolewa na kitu kimoja kwanza: kila tone liwe na njia yake inayojulikana, juu ya ardhi, mpaka chini.

"Ukuta mnene wa mawe na simenti hauanguki." Unaanguka, tena mzima. Kinachousukuma si udongo peke yake. Maji yakijaa nyuma yake kwa urefu wa mita 2, huko chini yanasukuma kwa uzito wa karibu tani 2 kwa kila mita ya mraba. Dalili huanza mapema: chumvi nyeupe kwenye maungio, kisha tumbo katikati. Ukuta unahitaji barbakane, yaani vipande vya tuyo (bomba) vya milimita 50 hadi 75 vinavyopita ukutani kutoa maji, kila mita moja na nusu, safu ya kwanza ikiwa juu kidogo ya ardhi ya mbele. Nyuma yake jaza changarawe safi, unene wa sentimita 30. Mafundi wengi huweka tuyo na kusahau changarawe. Mfinyanzi unaziziba, na ukuta unabaki kama hauna tundu hata moja.

"Chimba shimo, litameza maji ya paa." Hili ndilo tunalolihofia kuliko yote. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 60, likinyeshewa milimita 40, linatoa lita 2,400: mapipa 12 ya lita 200, pengine kwa saa moja. Kuyaingiza maji hayo ndani ya mteremko wa mfinyanzi ni kuulainisha pale pale unapotelezea. Shimo la kunyonya linafaa penye tambarare na udongo unaopitisha maji. Huku kwetu weka milizamu, jaza pipa, na maji yanayofurika yashuke kwa tuyo hadi mtaro uliojengwa.

"Mtaro uwe mkali ili maji yaondoke upesi." Maji yanayokimbia huchimba, mtaro wa udongo wa leo ni korongo la kesho. Mteremko wa sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita unatosha. Kuupima, funga miti miwili ya mita 2 kwa umbo la A, miguu ikiachana mita 2, weka ubao wa kukingama, na toka juu ning'iniza kamba yenye jiwe. Simamisha, weka alama kamba inapogusa ubao, geuza miguu, weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo ndiyo usawa. Kisha pigilia kipande cha sentimita 2 chini ya mguu wa upande maji yanakoelekea. Kamba ikigusa katikati, mtaro unashuka asilimia 1. Palipo na mteremko mkali usioepukika, jenga ngazi za mawe, kila ngazi na kidimbwi chake cha kuvunja nguvu ya maji.

"Mti wowote unashika udongo." Mgomba una mizizi mifupi na shina lililojaa maji. Mikaratusi ikikaribiana huacha ardhi tupu chini yake. Vetiva, aina ya nyasi, hushika kweli, mizizi yake ikifika mita 2 hadi 3. Panda mwanzo wa mvua, machipukizi 2 au 3 kwa shimo, kila sentimita 10 hadi 15, kwa mstari wa usawa, na ujaze mapengo msimu huohuo, kwa sababu pengo moja hugeuka mlango wa maji.

"Simentisha uwanja wote." Maji hayapotei, yanamwangukia jirani wa chini, na yanakula ukingo wa sakafu yako.

Nyufa za kiangazi zijazwe mfinyanzi na kushindiliwa kabla ya Septemba. Lakini ufa ukijipinda kama mwezi mwandamo na milango ikikataa kufunga, ardhi inasogea kwa kina, kama ilivyo mtaa wa Funu, na hapo si vetiva wala ukuta vitakavyoizuia: toa watu ndani ya nyumba, kisha umwite mhandisi.