Alichukua kwa nia njema, kwa hiyo hakuiba?

Nimeulizwa tena, safari hii msibani, sahani ya pilau ikiwa mkononi: "Wakili, hakuzila hizo hela, alimwokoa mgonjwa. Hilo nalo ni la kuripoti?" Moshi hii kila mtu ana kikundi, na kila kikundi kina kisa cha namna hii. Nimechoka kulijibu kwenye foleni ya chakula, kwa hiyo naliandika.

Tuchukue mhazini wa VICOBA, kikundi cha kuweka na kukopa. Sanduku lina makufuli matatu na funguo hukaa kwa watu watatu, lakini wenzake wamepanda Rombo na wamemwachia zote. Usiku mtoto wa jirani anazidiwa. Mhazini anafungua, anatoa laki nane, wanakimbia hospitali ya KCMC. Mtoto anapona. Kikao cha Jumamosi kinafika na hela hazijarudi.

Mtaa mzima utakwambia nia yake ilikuwa njema. Sawa. Kifungu cha 10 cha Kanuni ya Adhabu kinasema kilichomsukuma mtu hakihusiki katika kuamua kama ana hatia, isipokuwa sheria yenyewe itamke vinginevyo. Mahakama itauliza alikusudia kufanya nini, siyo alimfanyia nani. Na ninyi mnaosema "si alikuwa anarudisha", kifungu cha 258 kiliwawahi: ikiwa ni fedha, kuzichukua ili uzitumie upendavyo kunatosha, hata kama ulipanga kuzilipa. Kwa mtu aliyekabidhiwa mali za wenzake, adhabu inaweza kufika miaka 10.

Ila kuna jambo ambalo watu hulivuka mbio, nalo ndilo lenye nyama. Sanduku hilo kwa kawaida lina mfuko wa mikopo na mfuko wa jamii, na wa jamii uliwekwa kwa ajili ya misiba na magonjwa. Mhazini akitoa kwenye mfuko wa jamii akiamini kwa dhati kwamba katiba ya kikundi inamruhusu kutoa kwanza na kutoa taarifa baadaye, huenda hakuna wizi kabisa, maana kifungu cha 9 kinamkinga mtu aliyeamini kwa uaminifu kuwa ana haki na mali hiyo, bila nia ya kulaghai. Hata akikosea kuisoma katiba. Kwa hiyo kabla ya kukimbilia kituoni kuchukua RB, ile namba ya taarifa ya polisi, tafuteni katiba yenu. Mara nyingi iko uvunguni kwa mwenyekiti na hakuna aliyewahi kuisoma.

Basi tuseme ni wizi kweli. Uripoti? Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kifungu cha 7, inamtaka kila anayejua kuwa kosa lililo ndani ya Kanuni ya Adhabu limetendeka atoe taarifa mara moja, polisi au kwa kiongozi wa eneo lake, ambaye ataifikisha kituoni. Haikusema "isipokuwa la huruma". Lakini mimi sijawahi kumtetea mtu aliyeshtakiwa kwa kunyamaza peke yake, na sitajifanya kuamini kwamba kila laki iliyohama sandukuni iende kwa OCD, mkuu wa polisi wa wilaya. Nia njema ina milango yake: Mkurugenzi wa Mashtaka anaweza kuiondoa kesi mahakamani, na hakimu anaweza chini ya kifungu cha 38 cha Kanuni ya Adhabu kumwachia mkosaji kwa masharti. Kwa hiyo kuripoti si kumhukumu mtu. Kinachonikosesha usingizi ni kwamba milango hiyo hufunguka taratibu. Asipopata wadhamini, anaweza kuingia mahabusu gereza la Karanga kabla huruma haijafika, na siwezi kukuahidi vinginevyo.

Sasa lile linaloniudhi hasa. Kukaa kimya tu hakukufanyi mshirika. Kumsaidia akwepe mkono wa sheria ndiko kunakokufanya. (Mke kumficha mumewe sheria imemsamehe, shemeji hajasamehewa.) Na watu wema hawanyamazi tu, hata siku moja. Katibu anaitwa pembeni, linafunguliwa daftari, unaandikwa ukurasa mpya: "mkopo wa dharura", tarehe ya wiki mbili nyuma, kidau cha wino wa dole gumba kinazungushwa. Wote wanashusha pumzi, wamemwokoa mwenzao. Jamani, kosa moja lililokuwa na utetezi mzuri limegeuka kughushi, na wote mliotia dole mmeingia humo. Mbele ya hakimu yule wa laki nane ana mtoto aliyepona wa kumtaja. Ninyi mtamtaja nani?

"Kuyamaliza kifamilia" nako kuna kona. Kikundi kudai hela zake na kulipwa ni haki yake. Kuandikiana kwa mwenyekiti wa mtaa kwamba "akilipa na laki mbili za usumbufu, hatuendi polisi" ni jambo jingine, maana kupokea chochote ili ufiche kosa kubwa ni kosa. Mstari kati ya hayo mawili ni mwembamba kuliko tunavyofundisha, na kuna karatasi nimezisoma mara mbili nikashindwa kusema ziko upande gani.

Hela mnaweza kujadiliana. Mtoto hapana. Binti wa miaka 15 amepewa mimba, wazee wamekula mbuzi "ili kichanga kipate matunzo", halafu mtu ananipigia kuuliza kama ni busara kuripoti. Usinipigie. Aliye chini ya miaka 18 hana ridhaa ya kuzungumziwa hapo. Piga 116 au nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi leo hii.

Harakaharaka kwa wafanyakazi: Sheria ya Ulinzi wa Watoa Taarifa na Mashahidi ya 2015 inamlinda anayepeleka taarifa kwa nia njema kwenye mamlaka inayohusika. Kwa rushwa ni TAKUKURU, namba 113. Kurusha picha za vocha za malipo kwenye grupu la WhatsApp la ukoo si kuripoti.

Na kabla hamjauliza kama mimi nitawaripoti: ukija ofisini kunieleza yaliyopita, siwezi kuyatoa bila ruhusa yako. Ukija na daftari, unataka nikuonyeshe tarehe ya kuandika, siri ya wakili na mteja haikulindi hapo. Liache nyumbani, uje mwenyewe.